Garanti si zawadi ya mwenye nyumba



Kama unapita Katuba, Kenya ao Ruashi siku za mwisho wa mwezi, asubui na mapema, hautakosa kuona sharyo ya kusukuma imejaa vitu vya nyumba: matela mbili zilizokunjwa, kitanda walichofungua vipande vipande, mbabula, bidoni za maji, beseni ya vyombo, na juu kabisa televizyo iliyofungwa ndani ya kitenge. Mama anafuata nyuma na mtoto mgongoni. Papa anasaidia kusukuma. Hawasalimie watu sana. Na watu wa avenyu wanasimama ku mlango wa parsele, wanaulizana chini chini: "Banahama ao banabafukuza?"

Mimi pia nilishatembea nyuma ya sharyo ile. Mara saba, katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Niko mwalimu wa sekondari, bibi yangu anauzisha unga ku soko, tuko na watoto watano. Hatukuhama juu tunapenda kuhama. Mara mbili mwenye nyumba alipandisha bei kupita nguvu yetu. Mara moja mtoto wake alioa na alihitaji ile nyumba. Mara moja parsele iliuzishwa na sisi ndani yake, sawa vile viti. Mara moja nilibadilisha masomo ya kufundisha. Zile zingine mbili, mpaka leo siwezi kueleza vizuri. Lakini mara zote saba kuna kitu kimoja kilichofanana: tuliacha garanti nyuma, yote ao nusu yake, na tulianza upya kutafuta ingine.

Juu ya ile garanti ndiyo ninataka kusema leo. Kila mtu anajua jambo hili, lakini tunalisemea ndani ya nyumba tu, milango imefungwa. Garanti si zawadi. Ni feza ya mpangaji iliyowekwa mu mikono ya mwenye nyumba. Siku mpangaji anatoka bila deni na bila kuharibu kitu, ile feza inapaswa kutoka pamoja naye, siku ileile.

Hesabu ya kuingia mu nyumba

Kwa wale ambao Mungu aliwasaidia kujenga mapema, na ambao pengine wamesahau, niwaeleze namna mambo yanapita. Ukitafuta nyumba, mtu wa kwanza unayekutana naye ni komisyonere. Yeye ndiye anayejua wapi kuna nyumba tupu. Anakutembeza mu avenyu tatu, ine, na hata kwa kutembea tu anaomba feza kidogo ya maji. Ukikubali nyumba, unamlipa komisyo ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye anaomba garanti, na wengine wanataka mwezi wa kwanza mbele.

Chukua mfano wa nyumba ndogo: chumba na salo, choo inje, robine moja kwa parsele nzima, bei dolari 70 kwa mwezi. Garanti ya miezi ine ni dolari 280. Komisyo 70. Mwezi wa kwanza 70. Inafika dolari 420, na mwenye sharyo hajalipwa bado. Sasa tafuta mu mshahara wa mwalimu, wa polisi, ao mu faida ya mama anayeuzisha unga, hiyo 420 inaweza kutoka wapi. Haiko. Inatoka mu likelemba, inatoka mu deni kwa ndugu, ao inatoka mu feza ya masomo ya watoto. Ndiyo maana mwezi wa tisa kuna watoto wanaokaa nyumbani na hawana ugonjwa. Feza yao ya masomo iko kwa mwenye nyumba, inaitwa garanti.

Na tena sheria iko wazi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015, inayopanga mambo ya kupangisha nyumba zisizo za biashara, inasema garanti ya nyumba ya kuishi haiwezi kupita miezi mitatu. Miezi mitatu. Kule Kinshasa kuna watu wanaolipa miezi kumi na zaidi. Hapa kwetu wanaomba ine, tano, sita, na komisyonere anakuambia ni bei ya kawaida. Siku moja nilimwambia mmoja wao habari ya ile sheria. Hakukasirika. Alicheka tu, akanijibu: "Mwalimu, kama ile sheria iko na chumba na salo, endeni mukalale mule."

Nilicheka pia. Kiisha nililipa miezi ine.

"Uko na batoto bangapi?"

Kuna jambo lingine linaloniumiza kuliko feza. Mudogo wangu wa kike alifiwa na bwana wake, akabaki na watoto watano. Alitafuta nyumba miezi miwili. Mahali pote ulizo la kwanza lilikuwa: "Bwana yako anatumika wapi?" Ulizo la pili: "Uko na batoto bangapi?" Akijibu watano, basi ile nyumba ilikuwa imepata mtu jana. Siku moja alichoka, akasema watoto watatu. Walimpa nyumba. Garanti ya miezi sita.

Wale wawili wakubwa walibaki kwetu. Jioni walienda kwa mama yao kula bukari, na saa tatu ya usiku walirudi kwetu kulala, juu mwenye nyumba asiwahesabu. Ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Siku moja yule mdogo kati yao aliniuliza njiani: "Mjomba, siye tulifanya nini?" Nilimwambia atembee haraka, mvua inakuja. Mvua haikukuwa inakuja.

Mtasema mwenye nyumba ana haki ya kuchagua nani anaingia kwake. Ni kweli, robine ni moja na choo ni moja, na watoto watano wanamaliza maji. Lakini angalia namna garanti ilivyofanya kazi pale. Mudogo wangu alitaka kuhama, atafute mahali ambapo watamkubali na watoto wake wote. Hakuweza. Miezi sita yake ilikuwa mu mikono ya mwenye nyumba, na wapangaji waliotoka mbele yake walimwambia kama hakuna aliyerudishiwa kitu. Garanti iliwekwa juu ya kumlinda mwenye nyumba kama mpangaji anavunja dirisha ao anakimbia na deni. Leo imekuwa kamba ya kumfunga mpangaji mguu.

Muji uliozaliwa mu nyumba za kampani

Nilijiuliza mara mingi: juu ya nini sisi watu wa Lubumbashi hatujui kupangishana vizuri? Watu wetu si wabaya. Wanalia pamoja ku matanga, wanachanga, wanasaidiana makala na chumvi. Lakini ikifika ku garanti, kila mtu anakuwa mgeni kwa mwenziwe. Ninafikiri sehemu moja ya jibu iko mu historia yetu.

Muji huu ulianzishwa mu 1910 juu ya shaba. Mu mwanzo wanaume waliletwa kwa kontra fupi, wengi bila bibi, kontra ikiisha wanarudi kwao. Karibu 1928 Union Minière iliona kama inapoteza, ikaanza kutaka wabaki pamoja na jamaa zao. Iliwajengea nyumba mu kambi, iliwapa posho, masomo ya watoto, hospitali. Watu wa reli nao walikuwa na kambi zao. Nyumba ilikuja pamoja na kazi, sawa vile tenyi ya kuvaa.

Baba yangu alitumika Gécamines. Hakulipa nyumba hata siku moja. Bati ikitoboka, kampani. Maji ikikatika, kampani. Hakuwa mpangaji na hakuwa mwenye nyumba, alikuwa mutu ya kampani. Kontra ya kupanga nyumba, karatasi ya kuonyesha namna nyumba ilivyo siku ya kuingia, ni vitu ambavyo hakuvijua. Angetufundisha namna gani?

Kiisha kampani ilianguka. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda, uliolipwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Watu wanajua kama kupenda kwenyewe kulikuwa kudogo. Wengi walibaki na kitu kimoja cha kushika: nyumba. Walijenga vyumba viwili vitatu vya bloki nyuma ya parsele, wakaanza kupangisha. Mu miaka ileile kampani za kigeni zilifika, kiisha sheria ya migodi ya 2002. Watu walikuja kutoka pande zote kutafuta kazi, na nyumba zilipanda bei.

Hivyo wazee ambao hawakulipa nyumba hata siku moja walikuja kuwa wenye nyumba. Na sisi watoto wao tulikuja kuwa wapangaji. Tuliingia mu hiyo kazi mpya bila mtu wa kutuonyesha, kila mmoja akishika tu kile alichoweza kushika.

"Iliingia mu mabati"

Mwenye nyumba wangu wa tano alikuwa mmoja wa wazee hao. Simtaji jina, na hata ningeweza nisingemtaji, juu alikuwa mtu mwema. Tulilala kwake miaka mitano. Siku tulipofiwa, yeye ndiye alifika wa kwanza, na alituletea mfuko mzima wa makala. Wakati nilibadilisha masomo ya kufundisha na kazi ilikuwa mbali sana, nilimwambia miezi miwili mbele kama tunahama. Sikuwa na deni hata la mwezi mmoja. Nilimwomba atayarishe garanti.

Alinyamaza. Aliangalia juu, kiisha alisema: "Mwalimu, garanti yenu iliingia mu mabati. Mungoje lokatere mupya akuje."

Pale ndipo nilielewa namna mambo yanavyotembea. Mwenye nyumba hana feza yangu. Alishaitumia siku nilipoingia. Sehemu moja alimlipa yule aliyetoka mbele yangu, sehemu ingine alinunua mabati, sehemu ingine ilienda ku hospitali, juu bibi yake alikuwa na ugonjwa wa sukari na penseni haikuwa inakuja. Sasa ili anilipe mimi, inapaswa mtu mupya alete garanti yake. Na yule mupya, siku atatoka, atangoja mwingine. Ni sawa vile likelemba ambayo hakuna aliyeulizwa kama anataka kuingia. Inatembea vizuri mpaka siku nyumba inakaa tupu, ao bei inashuka, ao muzee anakufa na watoto wake wanasema: "Siye hatujue mambo ya garanti."

Wengine watasema: basi, kula garanti yako, kaa bila kulipa mpaka iishe. Ndiyo tulifanya. Tulikaa miezi miwili bila kulipa, na nilikuwa natoka saa kumi na moja ya asubui juu ya kufika ku kazi. Lakini nyumba tuliyopata mahali pengine haikuweza kutungoja miezi ingine miwili. Kwa ile nyumba mpya niliomba deni. Tulitoka, tukaacha nusu mu mabati ya muzee. Kula garanti kunasaidia tu mtu ambaye hana haraka, na mpangaji anayehama karibu siku zote yuko na haraka.

Nilimhurumia yule muzee na ninamhurumia mpaka leo. Lakini deni langu nililipa mimi, kwa miezi kumi na moja, na hakuna aliyenihurumia. Hatuwezi kufanya wapangaji wawe penseni ya wazee ambao kampani na Serikali waliwaacha. Mtu anapangisha chumba, mwingine analipa chumba. Ile ingine ni mzigo wa wengine.

Siku yangu ilipofika

Mpaka hapa ninaonekana mtu wa haki. Sasa nifike ku sehemu ambayo nilitaka kuruka.

Mama yetu alipokufa, alituachia nyumba Likasi. Sisi ni watoto ine, hakuna mmoja anayeishi kule. Mu siku zilezile za matanga tulipata kijana mmoja na bibi yake waliotaka kupanga. Bei dolari 60. Wadogo zangu walisema tuombe garanti ya miezi sita, maana kulikuwa deni la sanduku, deni la viti na mahema, deni la vinywaji. Nilikuwa mu kile kikao. Mimi ambaye nilikuwa ninahubiri sheria ya 2015 kwa makomisyonere, sikufungua kinywa. Tulipokea dolari 360. Kwa siku mbili zilikuwa zimekwisha. Tulizika mama yetu na garanti ya mtu.

Miaka mitatu yule kijana alilipa bila kuchelewa. Kiisha siku moja alinipigia simu: "Papa, mwisho ya mwezi ya kuya tunahama. Bibi yangu alipata kazi Kolwezi. Tunaomba mutufikirie na ile garanti yetu."

Nilisikia maneno yanatoka mu kinywa changu: "Mungoje kwanza tupate lokatere mupya."

Bibi yangu alikuwa pembeni anapepeta unga. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Baba, njo bile balitufanyiaka siye." Kiisha aliendelea kupepeta.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubui niliandika mu kikundi cha jamaa ku WhatsApp: dolari 360, kila mmoja 90, mbele ya mwisho wa mwezi. Mmoja alijibu kama kila mtu anafanya hivyo na hakuna aliyekufa. Mwingine aliuliza kama ninataka kuwa padri. Kwa sehemu yangu nilitoa zamu yangu ya likelemba, ile tuliyoweka juu ya kununulia binti yetu mashini ya kushona. Binti hakusema kitu, na ningependa angesema. Wadogo wawili walileta zao. Wa ine hajaleta mpaka leo ninapoandika. Tulimrudishia kijana dolari 270, na kwa 90 iliyobaki nilimwandikia karatasi yenye tarehe na sahihi yangu. Alipoona feza imeingia ku simu, alinipigia tena kuuliza kama hatukukosea.

Ninaeleza haya si juu ya kujisifu. Inabaki 90, na binti yangu bado anashona kwa mkono. Ninaeleza juu nilijifunza kama mwenye nyumba mubaya ninayemlalamikia miaka yote hakutoka mbali. Alitosha kupewa nyumba moja ya Likasi na deni la matanga, na alikuwa mimi.

Tufanye nini?

Kwa hiyo, ndugu wenye nyumba na ndugu wapangaji, ninapendekeza mambo machache ambayo hayaombe muujiza.

La kwanza: miezi mitatu, basi. Yule anayeomba sita anajua kama anavunja sheria, na yule anayelipa sita anamsaidia kuivunja. Ninajua mpangaji mmoja hana nguvu, maana nyuma yake kuna kumi wanaongoja. Ndiyo maana komini inapaswa kusema kwa sauti. Kila komini iko na biro ya mambo ya makao. Waandike kanuni hiyo kwa Kiswahili na Kifaransa, ku karatasi kubwa, waibandike ku mlango wa biro, ku soko, ku biro za wakubwa wa kartie. Watu wengi hawajui hata kama ile sheria iko.

La pili: karatasi. Siku ya kuingia, muandike garanti ni ngapi, imepokelewa tarehe gani, na nyumba iko namna gani: milango, vitasa, vioo, taa, robine. Pigeni picha na simu. Karatasi mbili, sahihi mbili, na mkubwa wa avenyu kama shahidi. Ninajua juu ya nini wenye nyumba wengi wanakimbia karatasi: wanaogopa kodi ya mapato ya nyumba, ile wanaita IRL. Ni hapa jimbo lingefikiri vizuri. Kama karatasi ya kulinda mpangaji ni ileile inayomleta mtu wa kodi, wote wawili wataificha, na siku ya ugomvi hakuna hata mmoja atakayekuwa na kitu cha kuonyesha.

La tatu: garanti isiguswe. Wanaoweza, waiweke ku kooperative ya akiba kwa majina mawili, isitoke bila sahihi mbili. Kama mwenye nyumba anahitaji feza kweli juu ya kutengeneza nyumba, aseme: "Ninaomba munilipe miezi miwili mbele." Ile inaitwa malipo ya mbele, inakatwa kila mwezi, kila mtu anaijua. Lakini kuchukua garanti na kuita mabati, hapana.

La ine: makomisyonere. Siwachukie, ni vijana wanaotafuta mkate. Lakini wajulikane ku komini, na komisyo yao igawanywe kati ya mwenye nyumba na mpangaji, maana wanatumikia wote wawili. Leo komisyonere anapata zaidi wakati watu wanahama zaidi. Kuna wanaopita nyuma kumwambia mwenye nyumba: "Muzee, niko na mutu anaweza kulipa 90." Mwezi unaofuata unaona sharyo.

La tano ni kwetu wapangaji. Kati yetu kuna wanaotoka usiku na deni la miezi mitano. Kuna wanaong'oa vitasa, taa, hata waya za umeme. Kuna wanaoingiza watu wengine mu chumba na kuwalipisha bila mwenye nyumba kujua. Kila mmoja wa hao anaandika mwezi mmoja zaidi ku garanti ya yule atakayekuja nyuma yake. Mwenye nyumba anayeomba miezi sita, mara mingi alishachomwa na mtu wa miezi mitatu. Tulipe, tufagie, turudishe funguo mchana, watu wanaona.

Na la mwisho ni kwa wachungaji, mapadri na maimamu. Mnatufundisha juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya sadaka. Siku moja mutufundishe pia juu ya garanti. Ku ibada ya asubui wako wenye nyumba na wapangaji wao, benchi moja, wimbo mmoja, na feza ya mmoja iko mu mfuko wa mwingine.

Mudogo wangu alipata nyumba ingine mwaka jana, kwa mama mmoja mjane sawa yeye. Yule mama aliuliza swali lilelile: "Uko na batoto bangapi?" Mudogo wangu alisema watano, akangoja. Yule mama alisema: "Basi watasaidiana na wangu kuchota maji." Garanti miezi mitatu, iliyoandikwa mu kaye ya masomo, ukurasa wa kati, sahihi mbili. Si kitu kikubwa. Ni ukurasa mmoja wa kaye. Wale watoto wawili wanalala kwa mama yao sasa.

Wewe unayesoma, kama uko na hata chumba kimoja unachopangisha, hesabu leo: garanti ya watu wako iko wapi? Kama iko, lala vizuri. Kama haiko, usingoje siku simu italia. Anza kuirudisha pole pole, dolari tano, dolari kumi kwa mwezi. Na kama mudogo wangu wa ine anasoma gazeti hili, ninamkumbusha mbele ya wote: inabaki 90.